Harusi iko Mafia: wageni waje kwa ndege, kivuko au boti?

Harusi ya Dar es Salaam mgeni anaweza kuchelewa saa mbili na bado akaikuta pilau ya moto. Ya kisiwa cha Mafia haina nafasi hiyo. Aliyekosa ndege ya mwisho ya siku, au aliyefika Nyamisati, bandari ya upande wa bara, kivuko kimeshang'oa nanga, ameikosa ndoa. Ndiyo maana kamati inayoandaa harusi Kilindoni, Utende, Kirongwe au Chole ina kazi moja ya kufanya kabla hata ya kubishana rangi ya sare: kupanga nani anapita njia gani.

Kamati nyingi hutafuta njia moja ya kuwapitisha wageni wote. Wenye pesa wanasema ndege, wenye hesabu wanasema kivuko, mabishano yanachukua vikao vitatu, na mwisho bibi wa miaka themanini anajikuta kwenye basi la alfajiri pamoja na vijana wa kubeba spika. Mimi nasema wageni wagawanywe. Njia zote zina mtu wake, na hapa nitazilinganisha kwa macho ya harusi, kwa sababu mtalii mwenye begi moja na kamati yenye mabibi, watoto, keki na masufuria ya pilau hawaisafiri Mafia kwa namna moja.

Ndege

Kutoka uwanja wa Julius Nyerere hadi Kilindoni ni nusu saa, ikizidi sana dakika arobaini. Zinazoruka ni ndege ndogo, nyingi Cessna Caravan za abiria kumi na wawili au kumi na watatu, za kampuni kama Auric Air, na zipo pia zinazounganisha kutoka Unguja. Ukitua umeshafika mjini, maana uwanja wenyewe uko ndani ya Kilindoni. Mzee anashuka, anapanda bajaji, na baada ya dakika chache amekaa barazani kwa wenyeji wake anakunywa maji ya dafu. Kwa mtu mwenye magoti mabovu, mjamzito, mwenye presha au mwenye mtoto mchanga, hakuna njia nyingine ya kuilinganisha na hii.

Tatizo la kwanza ni nauli. Tiketi ya ndege ya mtu mmoja inaweza kuwapeleka watu kadhaa kwa basi na kivuko. Tatizo la pili, ambalo kamati hulisahau, ni mzigo. Ndege hizi huruhusu kilo 15 kwa abiria, tena kwenye begi laini, kwa sababu sehemu ya kuwekea mizigo ni finyu na sanduku gumu la magurudumu halipindiki likaingia. Abiria naye huulizwa uzito wake au hupandishwa kwenye mizani, kwani rubani lazima ajue amebeba nini. Shangazi zetu waambiwe jambo hilo mapema nyumbani, kwa heshima, wasije wakalisikia kwa mara ya kwanza mbele ya foleni.

Kilo 15 zinatosha nini katika harusi? Zinatosha gauni la bibi harusi, likitolewa kwenye hanga na kukunjwa ndani ya begi la kitambaa na karatasi laini kati ya mikunjo, kisha lipigwe pasi ya mvuke likifika. Zinatosha dhahabu, ambayo haifai kupita njia nyingine yoyote isipokuwa mkononi mwa mtu mmoja anayejulikana. Keki nayo ipande ndege, lakini isipande ikiwa imeshasimamishwa. Kila ngazi iwe kwenye boksi lake, bila mapambo, na mpambaji asafiri nayo akiwa na krimu yake kwenye kipoza baridi aje aipake huko huko. Keki iliyopambwa Dar ikapita saa za barabara na saa za bahari kwenye joto la pwani hufika imelala upande.

Kuna na hesabu ya viti. Ndege ya watu kumi na wawili haichukui msafara wa watu arobaini. Mkitaka wote waruke, mtatawanyika kwenye safari kadhaa, labda kwa siku mbili, na kuanzia Oktoba hadi Machi mnagombea viti na wageni wanaokuja kuogelea na papa potwe. Ila wazee wakifika kumi au zaidi na wote wanatoka Dar, kamati iulize bei ya kukodi ndege nzima. Ikigawanywa kwa vichwa, wakati mwingine haiachani sana na tiketi za mmoja mmoja, na mnachagua saa yenu wenyewe. Hakikisheni tu ni ya mchana, na majina kwenye tiketi yawe yale yale ya kwenye kitambulisho. Mzee anayejulikana mtaani kote kwa jina la utani, tiketi yake ikatwe kwa jina la NIDA.

Kivuko cha Nyamisati

Hii ndiyo njia ya wengi, na ndiyo inayohitaji maelezo marefu, maana ni safari mbili ndani ya moja.

Safari ya kwanza ni ya barabara. Mabasi ya Nyamisati huanzia Mbagala Rangi Tatu. Mnashika barabara ya Kilwa, mnapita Mkuranga na Kimanzichana, mnafika Bungu, hapo mnaiacha lami kuu na kukata kushoto kuelekea baharini kwa kama kilomita 40. Kipande hicho kwa miaka mingi kimejulikana kwa vumbi la kiangazi na matope ya masika. Basi lililojaa likinasa hapo, kivuko hakiwasubiri. Mkiwa watu thelathini au zaidi, kodini Coaster yenu, muondoke alfajiri kabla ya msongamano wa Mbagala, na dereva awe mtu anayeijua njia ya Bungu. Nauli itapanda kidogo kwa kila mmoja, lakini mtafika pamoja na hamtasimama barabarani kila kituo.

Safari ya pili ni ya maji. MV Kilindoni ni kivuko cha TEMESA, wakala wa serikali unaoendesha vivuko, chenye uwezo wa abiria 200 na mzigo wa tani 100, kinapakia na magari. Ni kivuko hasa, si boti ya kasi kama zile za Unguja, kwa hiyo mtegemee kama saa nne majini. Mwanzo wake ni mtulivu, mnatoka taratibu kwenye mkondo wa delta ya Rufiji, mikoko huku na huku, maji ya rangi ya chai ya maziwa. Watu wanapiga picha, vijana wanaanza kuimba. Kisha mikoko inaisha, maji yanabadilika rangi, na upepo unawapokea. Hapo ndipo aliyekula chapati na maharage bandarini anapoijutia.

Dawa ya kichefuchefu ni kujiandaa. Mgeni ale kidogo saa mbili kabla, vitu vikavu, apate chai ya tangawizi, na akae katikati ya kivuko au nyuma, chini badala ya juu, macho yake yakitazama mbali kwenye ukingo wa bahari badala ya simu. Wenye dawa za safari wameze kabla ya kupanda, kwa sababu ukishaanza kutapika kidonge hakikai. Kamati iwe na mtu mmoja mwenye mifuko, maji, tishu na ndimu. Akina mama wenye watoto wapewe kivuli kwanza.

Faida ya kivuko ambayo ndege haiwezi kuigusa ni mzigo. Turubai, viti vya kukodi, masufuria makubwa, jenereta, spika za mziki, mchele, mafuta, godoro na kabati la maharusi, vyote vinapita Nyamisati. Mzigo huo usiende na wageni siku moja. Upelekwe siku mbili au tatu kabla na vijana wawili watatu wa kamati, wenye orodha ya kila kitu mkononi, waukague wakati wa kupakia na wakati wa kushusha. Wakifika wao ndio wanaokuwa wenyeji wa wageni wanaofuata: wanajua bajaji, wanajua nyumba za kulala, wanajua nani ana friza.

Udhaifu wake mkubwa ni ratiba. Kivuko hufuata maji na hali ya bahari, na kama chombo chochote huja siku kikaingia matengenezo. Kwa hiyo tarehe ya kuvuka isichukuliwe kwa mtu aliyesafiri mwezi uliopita. Iulizwe bandarini kabla kadi za mwaliko hazijachapwa, iulizwe tena wiki ya harusi, na iulizwe jioni ya kuamkia safari.

Boti za fiba na majahazi

Ukifika Nyamisati utaona na boti za fiba, na atakuja kijana kukuambia kivuko kinachelewa, twende, sasa hivi upo Kilindoni. Ni kweli zina kasi kuliko kivuko. Ni kweli pia kwamba unakaa karibu na maji, jua liko kichwani, na wimbi likipiga nguo yote imelowa chumvi.

Kwa msafara wa harusi msimamo wangu ni mkali. Fiba si ya wazee, si ya watoto, na si ya mtu yeyote wakati kusi, upepo wa kutoka kusini, inavuma. Kijana mzima, bahari ikiwa shwari, chombo kina leseni ya TASAC, wasimamizi wa usalama wa vyombo vya majini, kila abiria kavaa jaketi okozi na majina yameandikwa kwenye orodha kabla ya kuondoka, anaweza kuamua mwenyewe. Kimoja kati ya hivyo kikikosekana, asipande. Nchi hii haihitaji kukumbushwa. MV Spice Islander I ilizama Septemba 2011 kati ya Unguja na Pemba, MV Nyerere ikapinduka Ukara Septemba 2018, na vyote viwili vilikuwa vimebeba watu kupita uwezo wake. Harusi ndiyo mahali pepesi pa kujaza chombo, kwa sababu wote ni ndugu, wote wana furaha, na hakuna anayetaka kuwa wa kubaki. Kamati imteue mtu mmoja mwenye kauli, mjomba au baba mdogo anayeheshimiwa, kazi yake iwe kuhesabu vichwa na kusema basi.

Jahazi lina nafasi yake, nayo ni ya samani. Wenye majahazi wanaobeba nazi kuja bara wanajua kupakia kitanda cha mninga kisikwaruzike. Bandari kama Kisiju, kule Mkuranga, ina historia ndefu ya biashara na Mafia. Watu wasafiri kwa njia nyingine.

Tarehe huamua njia

Hapa ndipo ulinganisho unapogeuka kabisa. Kivuko kinachopendeza mwezi wa Novemba si kile kile cha Julai. Kusi huvuma kwa nguvu zaidi Juni hadi Agosti, na bahari kati ya delta na Kilindoni huchafuka. Wakati huo mgeni ambaye mngempeleka kwa kivuko bila wasiwasi afikiriwe tena, na wa ndege waongezwe hata kama mchango utabana. Oktoba na Novemba, upepo unapobadilika kuja kaskazini, huwa ndiyo miezi laini zaidi. Kaskazi ya Desemba hadi Februari ina upepo wake, lakini Januari na Februari anga huwa wazi zaidi na barabara ya Bungu mara nyingi huwa kavu.

Machi hadi Mei ni masika. Miaka hii Mfungo Mosi unaangukia humo humo, na Mfungo Mosi ndio mwezi ambao familia nyingi huoza baada ya kujizuia Ramadhani nzima. Mkioza kipindi hicho, ongezeni siku nzima ya akiba kwenye safari ya kila mgeni, iwe ya ndege au ya kivuko. Msidhani ndege haiguswi na mvua, wingu zito likikaa juu ya kisiwa rubani husubiri. Na mfuatilie utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia kwenyewe, na kabla hakijafika tahadhari ilikuwa imeshatolewa.

Jambo jingine ni maji ya bamvua, na hili linawahusu zaidi wenye harusi kwenye visiwa vidogo vya Chole, Juani au Jibondo. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yaani mwanzoni na katikati ya mwezi wa Kiislamu, maji ya pwani hii hupwa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi jioni, na tofauti kati ya kupwa na kujaa hupita mita 3. Sasa fikiria mmepanga ndoa Chole tarehe 15 ya mwezi wa Kiislamu saa tano asubuhi kwa sababu mwezi utakuwa mzuri usiku. Wageni wanafika ufukwe wa Utende, mashua ziko mbali, na mabibi wenye madira ya hariri wanatakiwa kuinua nguo na kukanyaga tope. Ndoa hiyo hiyo ikisogezwa baada ya Alasiri, mashua zinasogea karibu na mgeni anashuka mguu mkavu. Tarehe za katikati ya bamvua na bamvua, maji yakiwa mafu, saa hugeuka na tofauti inakuwa ndogo. Mvuvi yeyote wa Utende atawaambia saa za siku yenu bila kuangalia karatasi. Aulizwe kabla kadi haijachapwa.

Mgeni anatoka wapi?

Wa Dar mmeshaona. Wa Unguja aangalie kwanza ndege ya moja kwa moja kuja Mafia, kwa sababu boti hadi Dar, kulala Dar, kisha Mbagala na Nyamisati ni safari ya siku mbili, na ukiweka gharama ya malazi tofauti na ndege hupungua.

Wa Lindi, Mtwara na Kilwa hawana haja ya kufika Dar. Wanapita Somanga na Kibiti, wanashuka Bungu na kukata Nyamisati. Kwao hatari iko barabarani: mafuriko ya 2024 yaliikata barabara hiyo eneo la Somanga, na kila masika hofu hiyo hurudi. Wakati wa mvua waondoke nyumbani siku mbili kabla ya kivuko.

Ndugu wa Muscat, na wapo wengi wenye damu ya Mafia, hufika na masanduku mawili mawili ya zawadi. Hayo hayaingii kwenye Caravan. Wapokelewe uwanjani na kijana wa kamati, walale Dar usiku mmoja, masanduku yapite Nyamisati pamoja na mzigo wa kamati, wao waruke na begi dogo. Wakitaka ndege ya kuunganisha siku hiyo hiyo waliyotua, wakatazwe kwa upendo. Ndege ya mbali ikichelewa saa tatu, ya Mafia imeshaondoka. Na wenye pasi za nje waambiwe mapema kwamba Utende na visiwa vya Chole viko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia, kuna geti njiani, na asiye raia hulipa ada ya kila siku kwa kiwango cha juu kuliko raia.

Baada ya kushuka

Kilindoni hadi Utende ni kama kilomita 15 za barabara nzuri, bajaji zinatosha. Harusi ikiwa kaskazini, Kanga au Bweni, ni kisiwa kizima cha kukivuka. Aliyeshuka kwenye kivuko magharibi imeshaingia asilazimishwe kuendelea usiku ule. Alale Kilindoni, aondoke asubuhi akiwa ameoga. Nyumba za wageni Kilindoni zipo lakini si nyingi, hivyo vyumba vishikwe mapema kwa ajili ya wasio na ndugu, na wenye ndugu wagawiwe majumbani kwa orodha: fulani kwa fulani, na namba ya mwenyeji wake.

Na kurudi

Safari ya kurudi hakuna anayeipanga, na ndiyo inayoharibu sifa ya harusi. Ndoa imepita Jumamosi, usiku shamrashamra zimeisha, Jumapili asubuhi watu hamsini wamekaa juu ya mabegi yao wanauliza usafiri, kila mmoja Jumatatu ana kazi. Viti vya ndege vya Jumapili vichukuliwe siku ile ile vinapochukuliwa vya kuja. Kwa wa kivuko, siku ya ndoa ipangwe kwa kuitazama siku ya kivuko kurudi. Kama kivuko kinarudi Jumapili, ndoa ya Ijumaa baada ya swala inawapa wageni Jumamosi ya walima na mapumziko, na wa kuja wanafika Jumatano au Alhamisi. Atakayesema siku ni nyingi aelezwe kwamba siku ya ziada ndiyo inayomwezesha kuiona ndoa kivuko kikichelewa.

Mkishaamua, ujumbe wa kikundi uwe mfupi na uwe na majina. Wa ndege: majina, saa, kilo 15, begi laini. Wa Coaster: mahali pa kukutana Rangi Tatu, saa ya kuondoka, jina la kiongozi wa gari. Wa mzigo: siku yao, orodha yao. Kisha namba mbili za Kilindoni zinazopokelewa, moja ya mwanamke na moja ya mwanamume, ili mama mkwe akifika asikose wa kumwuliza chooni ni wapi.